Sajenti Alishakagua Gari

Mpumudde, Jinja
Jumapili, baada ya misa

Kwa dada yangu Gorreti, afande mwenye nyota,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na mguu nimeupiga chini kama cheo chako kinavyotaka. Je, u mzima? Trevor na wadogo zake wanaendeleaje? Na ule mgongo wako, umekubaliana na kiti kipya cha ofisini au bado mnabishana? Sisi huku tunashukuru. Mke wangu Nabirye anakusalimu, anasema vitambaa ulivyompa vimekuwa magauni na moja limeshaenda kanisani kujionyesha. Mzee wetu anakula vizuri, ndevu ananyoa mwenyewe kila asubuhi, na redio anaifungulia sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inatoa moshi.

Nimekuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako wewe huiweka mezani kwa sauti ya juu, halafu shemeji Timothy anajibu kabla yako. Barua hii inakuja na Madina, yule mama wa vitunguu anayeshusha mzigo soko la Jinja na kurudi Mbale. Nimemwambia aitie mkononi mwako wewe mwenyewe. Tena nimeandika kwa Kiswahili cha kambini, kile tulichochapiwa na kubembelezewa, kwa kuwa shemeji husema hiyo ni lugha ya askari na wezi, na akikutana nayo hupita mbali kama mtu aliyeona nyoka. Basi leo apite.

Dada, nimechoka. Jina Jude halipo tena. Kwenye lile kundi la familia la simu mimi ni Bwana Mafuta-Taa. Shemeji akiamka hatumi salamu, anatuma picha ya kibatari. Trevor, mtoto niliyemfundisha baiskeli mpaka nikavunjika kidole, alinipigia juzi kuniuliza kama chai yangu nakunywa kwa maziwa au kwa mafuta ya taa. Nilicheka. Mzaha ulikuwa mzuri, sikatai, ingawa mimi ningeutia pilipili zaidi. Lakini mzaha nao ni kama oili ya injini. Ukikaa ndani muda mrefu bila kubadilishwa, unaanza kusaga chuma.

Na wanamcheka nani? Mimi, niliyevuta trela kutoka Mombasa mpaka Juba! Mimi niliyekula mbuzi na Wasomali Eldoret, niliyegombana kwa Kifaransa Goma bila kujua Kifaransa, na nikashinda! Kule Nimule, juani, niliwahi kubadilisha oili ya lori kwa kutumia kopo la maziwa ya mtoto, na madereva wa nchi nne wakasimama kunitazama kama mpira. Shule tuliachana darasa la sita, tuliachana kwa heshima, kila mmoja akaenda zake. Lakini injini nimeisoma mpaka kwenye nati ya mwisho.

Nikukumbushe hali ya lile Corona jeupe la Mzee, maana ninyi wa Mbale mnalijua kwa nje tu. Tangu Mzee alinunue kwa kiinua mgongo chake, limekuwa gari la kijiji. Mwenye msiba analiazima, mwenye harusi analiazima, hata padri aliliazima. Na desturi unaijua: ukirudisha gari la Sajenti Odongo, humpi asante ya mdomo, unampa kopo la oili. Mzee analipokea kama mtu aliyepewa mtoto amweke mapajani, halafu anafungua boneti na kumimina papo hapo mbele yako ili ujue zawadi imefika.

Sasa fikiria, dada. Miaka yote hiyo ni kumimina tu. Nyepesi juu ya nzito, ya dizeli juu ya petroli, ya dukani juu ya ile ya kupimiwa kando ya barabara. Kufungua nati ya chini imwagike yote, hakuna. Kila mmoja alidhani mwenzake amefanya. Chujio la oili lilikuwa na umri wa Trevor. Taa ya oili pale mbele ya usukani ilikuwa ikiwaka siku zote kama taa ya tabernakulo kanisani, na sisi sote tukaizoea, tukabaki kupiga ishara ya msalaba na kuendesha. Mimi nilisema mpaka koo likakauka. Oili si chumvi ya mchuzi, kwamba ukionja imepungua unaongeza. Ile ya zamani inabeba uchafu wote. Itoe yote, weka chujio jipya, ndipo uingize mpya, tena kwa kiasi, kwa sababu ikizidi nayo inapigwa povu kama bia iliyotikiswa. Mlinijibu nini? Kwamba Jude anapenda kujifanya injinia.

Kwa hiyo uliposema tuje kwenye chakula cha kushukuru nyota yako mpya ya magereza, nikaapa kwamba Mzee ataingia Mbale ndani ya gari linalopumua. Nikalipeleka Bugembe kwa Bruhan. Bruhan unamkumbuka, yule fundi mwenye kofia ya kufuma, tuliyecheza naye mpira wa makaratasi. Alipofungua nati ya chini, kilichotoka hakikuwa oili, kilikuwa uji wa lami. Ulisita kwanza, kama mgeni mlangoni, halafu ukaanguka. Bruhan akasema injini ya namna hii huiogeshi kwa nguvu. Ukiiosha kwa dawa kali au kwa mafuta ya taa, ule uchafu unabanduka vipande, unakwenda kuziba njia ya oili, na sili kuukuu zilizokuwa zimeshikiliwa na uchafu zinaanza kuvuja. Tuweke oili mpya na chujio, tuendeshe siku chache, tumwage tena, tuweke nyingine. Isafishwe polepole kama mgonjwa anavyonyweshwa uji. Nilimwambia hayo ndiyo nilikuwa nataka kusema mimi. Akasema Jude, wewe hata ukizaliwa wa pili utasema ulitangulia.

Mzee alikuwa ameketi pale juu ya tairi, akiguna. Alisema sisi vijana tunaoga bila sabuni. Enzi zake za kuendesha malori ya magereza, injini ilikuwa inamwagwa, inatiwa mafuta ya taa, inaungurumishwa kidogo, inamwagwa tena, ndipo oili inaingia, na lori linapaa. Tukamheshimu, tukamwacha aseme. Bruhan akafanya kama alivyosema, mara ya kwanza na ya pili. Na hata ile taa ikazimika. Dada, sikia: ilizimika! Injini ikawa inanguruma kama paka aliyeshiba maziwa. Nililizungusha Corona barabara yote ya Bugembe vioo vikiwa chini ili watu wasikie kimya chake.

Yaliyofuata mnayajua, maana mmeyaimba. Siku ya sherehe tulipita Iganga vizuri, nikiwa nasimulia habari za Goma. Tulipokata kona pale Nakalama kuingia barabara ya Tirinyi, nikasikia ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo. Kabla sijasogea pembeni injini ikaganda. Kuganda, dada. Chuma kimeshikana na chuma. Tuliingia Mbale juu ya lori la kreti tupu za soda, Mzee mbele na dereva, mimi nyuma na chupa, suti imekuwa rangi ya barabara. Wageni walikuwa wameshafika kwenye kuchokoa meno. Shemeji Timothy akanipelekea maikrofoni, akasema mwanachuo wa injini aeleze imekuwaje. Na mimi, mbele ya padri, mbele ya mabosi wako wote wa magereza, nikasema ni mimi. Nikasema asubuhi niliosha injini kwa mafuta ya taa, nikasahau kuyamwaga na kurudisha oili, nikaendesha hivyohivyo.

Mlicheka mpaka padri akajifunika kitambaa. Shemeji akasema sasa tumejua kwa nini Juba hawakumrudisha tena. Wewe mwenyewe, dada, ulicheka. Sikulaumu. Ilikuwa siku yako.

Lakini hebu sikia bei ya kicheko hicho. Bruhan alisikia habari kabla hata sijarudi Jinja. Alikuja hapa Mpumudde kwa boda, hakukaa, chai alikataa. Alisema wallahi nati ile aliifunga kwa mkono wake na oili aliimimina kwa mkono wake, na kwamba Jude anayemjua, hata akilewa siku tatu, hawezi kufanya ujinga ule, kwa hiyo nimweleze ukweli. Nikamwambia ashike njia yake, kwamba fundi wa chini ya mti hanihoji mimi. Nilimwambia hivyo Bruhan! Alivaa kofia yake vizuri, akaondoka. Tangu hapo tukikutana anasalimia Nabirye, mimi ananipita kama nguzo ya umeme.

Halafu Muhamad, yule mwenye vani za kupeleka wageni kuona chanzo cha Nile. Alikuwa ameniahidi vani moja, mpya, yenye viti vya kuegemea. Nilishanunua hata miwani ya jua. Mtu akamwonyesha video aliyoipiga shemeji. Muhamad akaniita, akanipa soda, akasema kwa upole kwamba mtu aliyesahau oili siku moja atawasahau wazungu mtoni. Vani amempa mwingine. Miwani ninayo hapa, naivaa nikienda kukata majani ya ng'ombe.

Sasa dada, kaa chini. Kama umesimama jikoni, zima jiko kwanza.

Mimi sikuosha injini ile. Mafuta ya taa sikuyagusa.

Asubuhi ile Mzee aliamka kabla yetu sote. Alivaa fulana, akaingia chini ya gari, akafungua nati, akamwaga oili yote mpya ya Bruhan kwenye beseni la kufulia la Nabirye. Akafunga, akajaza mafuta ya taa, akawasha. Aliiosha injini kama walivyoosha malori yao. Halafu Nabirye akamwita kwamba chai iko tayari. Akazima, akaja, akanywa chai, akaoga, akavaa suti, na ile kazi iliyobaki ikadondoka kichwani mwake kama sarafu katika mfuko uliotoboka. Beseni nililikuta tuliporudi, nyuma ya choo, limefunikwa vizuri kwa gunia. Oili ndani yake bado ilikuwa na rangi ya asali.

Mmeniuliza wote kwa nini dereva wa Juba hakupima oili kabla ya safari. Jibu ni hili. Nilifungua boneti. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kwenye kijiti cha kupimia. Mzee akaja mbele yangu, amenyooka, tai imebana, akasema: dereva, gari limekaguliwa, tayari kwa safari. Dada, wewe unaijua nyumba yetu. Sajenti akishakagua, awe amekagua kitanda, kucha au sanduku la shule, anayekagua tena anamwita baba yake mwongo. Nikafunga boneti. Nikapiga saluti. Nilitaka afurahi.

Pale Nakalama nilipovuta kijiti kikatoka kimelowa kitu chepesi, kinanuka kibatari. Nikaanza kumtukana Bruhan, nikamtukana na ukoo wake, wauza mananasi wakawa wanasikiliza. Mzee akashuka. Alizunguka mpaka nyuma ya gari, akatazama, akaniuliza wafungwa wako wapi. Nilidhani ni mzaha wake ule mkavu. Akarudia kwa sauti ya kazi: Gaster, wafungwa umewashusha wapi, wahesabu. Gaster, dada. Yule mwenzake wa lori, tuliyemzika ukiwa bado unavaa gauni la shule ya msingi.

 Mimi, mwenye majibu kwa polisi wa mipaka yote, nilichagua jibu la kambini. Basi nikasimama wima, nikasema wote wamefika salama, afande, hesabu imetimia. Akashusha pumzi, uso ukalegea. Tukakaa ukingoni mwa barabara. Baada ya muda akaitazama tai yake, akavitazama vidole vyake, akavinusa. Dada, nilimwona akirudi. Alielewa kabla sijafungua mdomo. Akanishika mkono wa shati kama mtoto anayevuka barabara, akasema Jude, usimwambie Gorreti, si siku ya nyota yake. Nikampa mkono wangu wa ahadi. Kwa hiyo maikrofoni ilipokuja, Mzee ameketi karibu nawe anatazama sahani, ningesema nini? Jina langu lilikuwa ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho mfukoni, nikalitoa.

Leo nauvunja mkono niliompa, na nitakuambia kwa nini. Si mara moja tu ile. Ametia chumvi kwenye chai, akainywa yote asionekane amekosea. Juzi walinzi wa kambi ya magereza walimrudisha kwa boda. Alikuwa amesimama getini akidai funguo za lori. Na sisi watoto wake tumemfanyia vilevile tulivyolifanyia Corona lake. Kila anayekuja anaongeza. Wewe sukari, shemeji redio, mimi vichekesho. Tunamimina juu, tunapiga picha, tunaondoka. Hakuna aliyefungua chini kuona kilichoganda humo. Na mimi ninayejidai kusikia injini iliyo barabara ya pili, nalala nyumba moja na baba na sikusikia.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Ile injini nyingine mliyomchangia Mzee imefika, na Bruhan anaifunga. Kanisusa mimi, lakini kazi ya Mzee hakuisusa, huyo ndiye Bruhan. Wiki hii gari litawaka. Mzee ameshapiga pasi suti. Anasema Jumamosi atakuja Mbale kuwashukuru, anaendesha mwenyewe, peke yake. Nikamwambia nitampeleka. Akacheka, akasema wewe, Mafuta-Taa, nikupe gari mara ya pili? Na ninyi wote kwenye simu mkamshangilia. Shemeji akaandika kwamba angalau Mzee anazijua injini. Umeona, dada? Nilisema uongo kumficha, na uongo huo huo ndio umempa usukani. Malori ya Tirinyi hayaulizi kama leo wewe ni Odongo wa sasa au Odongo wa zamani.

Mimi ufunguo siwezi kumnyang'anya. Cheo sina, na jina nililitumia. Nikiuficha ataona nimemwibia. Lakini wewe nilikutazama siku ile. Mzee aliposimama mbele ya wageni akakupigia saluti, mlidhani ni maigizo, mkapiga makofi. Hayakuwa maigizo. Kisigino kiligonga sakafu. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuwa juu ya Sajenti mpaka walipokuwekea nyota ile begani. Daktari hamsikii, padri hamsikii, amri anaisikia.

Basi njoo, kabla ya Jumamosi. Usije na gauni la gomesi la sherehe wala keki. Njoo na yunifomu, kofia, mkanda, na viatu ving'ae, maana atavitazama. Simama pale uani, umwite kwa cheo chake. Mwambie zamu yake imekwisha salama, hesabu imetimia, na gari anakabidhi kwa ofisa. Usimwambie kwamba unajua. Mshukuru kwa utumishi. Atapiga mguu, atakupa ufunguo kwa mkono wa kulia, na kwake utakuwa ustaafu wa heshima. Halafu kwa amri hiyohiyo umpeleke hospitali, mimi nitakaa kiti cha nyuma nikiwa kimya. Ndiyo, kimya. Nitajaribu.

Bruhan nitamweleza mwenyewe, nitakwenda Bugembe kwa miguu ili hasira yake ipate muda wa kuniona nikija. Shemeji muache na vibatari vyake, asijue, maana akijua atalia kwa sauti na Mzee atasikia. Kucheka kwake nitakubeba. Nimebeba saruji mpaka Juba.

Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na Trevor mwambie chai yangu ni ya maziwa. Nisalimie na mlima wenu huo, mwambie nitakuja kuutazama nikipata gari. Nabirye anasema uje na vile viazi vya Kapchorwa, na Mzee, ambaye hajui nakuandikia, alipita hapa sasa hivi akasema kama ni barua ya Gorreti nimwambie anajivunia. Basi nimekuambia.

Ndimi mdogo wako akupendaye, dereva bila gari,

Jude Odongo

Tena: siku ya kuja, kabla hujawasha gari lenu, fungua boneti, vuta kijiti, tazama oili kwa macho yako. Hata kama Timothy amesema ameshakagua.